KISANDUKU KIDOGO CHATUITA WEZI

Ndugu wafanya kazi, wanachama wenzetu,

Twaandika habari ya jambo dogo lililoleta taabu kubwa. Jambo lenyewe ni kisanduku kilichomo katika kioo cha kompyuta ya stoo, kisanduku kidogo kuliko ukucha wa mtoto. Hapo mtu huweka alama, au haweki. Akiweka, kompyuta hukijua kitu kile kuwa ni kitu cha akiba, yaani kitu cha kuwekwa stoo na kuhesabiwa. Asipoweka, kompyuta hukijua kuwa ni kitu cha papo kwa papo, yaani kitu cha kununuliwa na kutumiwa, bila kuhesabiwa.

Basi, hakuna zaidi. Lakini kwa sababu ya alama hiyo watu wamefanya kazi ya chuma bila glovu, matengenezo yamelala yakingoja kitu kilichokuwa rafuni, na karani mmoja wa stoo, baba wa watoto, ameitwa mwizi mbele ya wenzake.

Twasema wazi tangu mwanzo: hatupigani na kompyuta. Twapigana na wale wasemao kwamba kompyuta haikosei, na kwa hiyo aliyekosa lazima awe mfanya kazi.

MAMBO YALIVYOTUKIA

Hatutaji shirika wala ofisi. Atakayejiona humu, ajitazame mwenyewe.

Mahali petu pa kazi pana mafundi wa kuunga chuma kwa gesi. Mitungi yao ni 12. Mtungi ukiisha hupelekwa kujazwa, kisha hurudi moja kwa moja mpaka kwa mafundi, kwa sababu ni mzito na kazi inangoja. Haupiti stoo. Kwa hiyo kinachonunuliwa ni kule kujazwa. Mtungi wenyewe ni ule ule.

Lakini mtu mmoja wa ofisi ya mbali, aliyeandika majina ya vitu katika kompyuta, aliandika "gesi ya kuungia, mtungi" akaweka alama katika kisanduku. Tangu siku hiyo kompyuta ilidhani kila mtungi uliojazwa ni mali mpya iliyoingia stoo. Kwa mwaka mmoja mitungi ilijazwa mara 48. Kompyuta ikaandika: imeingia 48, iliyotoka hakuna. Nani angeandika kutoka, na hali haikuingia?

Akaja mkaguzi. Akasoma kioo, akatazama rafu, akamwuliza karani: "Mitungi 48 iko wapi?" Karani akajibu kweli, kwamba gesi ilikwisha kuwa moto, na moto ulikwisha kuwa chuma kilichoungwa. Jibu hilo halikuwamo katika kompyuta. Akapewa barua ya kujieleza kwa muda wa siku mbili, na mkubwa mmoja akasema kwa sauti, watu wakisikia, kwamba mshahara utakatwa mpaka deni liishe.

Wakati huo huo, glovu za ngozi, ambazo kila mtu wa karakana huzivaa kila siku, zilikuwa hazina alama. Zililetwa jozi 200. Thamani yake yote ikaandikwa siku ile ile kuwa ni matumizi ya idara yetu, na kompyuta ikazisahau. Karani akazigawa kwa karatasi, kwa kuwa kompyuta ilikataa kutoa kitu isichokijua. Zilipobaki jozi 10, hakuna aliyeonywa. Zilipokwisha, ombi jipya likaanza chini kabisa, na sahihi tano mbele yake. Lilipofika juu, jibu likarudi kwamba fedha za idara za mwaka zimekwisha. Zimekwisha kwa nini? Kwa sababu glovu za mwaka mzima zilihesabiwa kuwa zimetumika kwa siku moja. Kwa juma saba tukashika waya na mabati kwa mikono mitupu. Mmoja wetu alipasuka kiganja, akashonwa.

Tazameni basi, ndugu. Kitu kisichokaa stoo kikaandikwa kwamba kinakaa, na kitu kinachokaa stoo kikaandikwa kwamba hakikai. La kwanza likamfanya karani mwizi. La pili likatunyima glovu. Na makosa yote mawili yalifanywa na mtu ambaye hajapata kuingia katika stoo yetu hata siku moja.

NAHODHA WA SHELLA AJUA

Sisi tuandikao haya ni wa Shella, Shella ya Malindi, si ile ya Lamu. Reli haifiki kwetu. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilielekea bara, ikafika Kisumu mwaka 1901, nasi wa pwani ya kaskazini tuliachiwa bahari na barabara. Lakini reli isipofika Malindi, watu wa Malindi hufika reli. Twaenda Mombasa kufanya kazi, twarudi Shella siku za mapumziko, na hapo ufukweni twaona kila siku jambo ambalo mabwana wa ofisi hawajalifahamu.

Mtazameni nahodha wa mashua ya kuvulia. Nyumbani kwake ana kamba za akiba, ndoana, nyuzi za kushonea nyavu, na plagi za mashine. Hana barafu. Barafu huinunua asubuhi ya kwenda baharini, kwa kadiri ya safari yake. Akiweka barafu ya juma zima ndani ya nyumba, atakuwa na maji. Na akienda kutafuta plagi siku ile mashine inapozimika nje ya mwamba, hatapata duka huko. Kwake plagi ni kitu cha akiba, barafu ni kitu cha papo kwa papo. Hakwenda chuo cha ukarani, lakini huwezi kumkuta ameandika barafu mahali pa plagi.

Sisi tuliosoma shule za misheni tulifundishwa habari ya Yusufu katika Misri. Alikusanya nafaka miaka saba ya shibe, apate kugawa miaka saba ya njaa. Aliweka nafaka, hakuweka mikate iliyookwa. Alijua kipi chakaa na kipi hakikai. Ndiyo hekima yote ya stoo.

Na reli yenyewe haijapata kwenda bila akiba. Wakati wa East African Railways palikuwa na zile injini kubwa za moshi za daraja la 59, jumla yake 34, zilizopewa majina ya milima. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 na zaidi. Moja, Mount Gelai, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi, mtu aweza kwenda kuitazama. Lakini tani hizo zote husimama kwa ajili ya bomba moja dogo lililopasuka, kama bomba la kubadilisha halimo stoo. Uzito wa injini hausaidii.

KISANDUKU HUFANYA NINI

Wanachama wengi wametuuliza: hii alama hasa kazi yake nini? Tumewauliza mafundi wanaozijua programu hizi, nasi twaieleza kwa maneno mepesi, ili asitokee mtu wa kututisha kwa maneno mazito.

Kitu kikiwa na alama ya akiba, mambo manne hufuata. Kwanza, kikipokewa, idadi yake huongezeka katika hesabu ya stoo. Pili, thamani yake hubaki kuwa mali ya shirika, mpaka siku kitakapotolewa. Tatu, kikitolewa, idadi hupungua, na gharama huandikwa kwa idara iliyokichukua, kwa kadiri iliyochukua. Nne, huweza kuwekewa kiwango cha chini, na idadi ikifika hapo kompyuta huonya kwamba wakati wa kununua umefika.

Kitu kisicho na alama, hayo yote hakuna. Kikinunuliwa, gharama yake yote huandikwa mara moja kwa idara iliyoomba. Hakihesabiwi, hakitolewi, na hakuna onyo.

Njia zote mbili ni halali. Hakuna iliyo mbaya. Kufagia kiwanja, kutengeneza feni, kujaza mtungi, kununua kiti kimoja cha ofisi, hayo yote yafaa yawe papo kwa papo. Ubaya ni kukiweka kitu katika njia isiyo yake.

Tena wasituambie kwamba hakuna njia ya katikati. Katika programu iitwayo SAP, ambayo mashirika mengi makubwa ya dunia huitumia, vitu hugawanywa kwa aina. Iko aina, alama yake NLAG, ambayo haihesabiwi idadi wala thamani. Iko nyingine, alama yake UNBW, ambayo idadi yahesabiwa lakini thamani haihesabiwi. Hii ya pili yafaa sana kwa vitu vidogo vya kila siku: gharama imekwisha andikwa, lakini bado yajulikana zimebaki jozi ngapi. Basi mtu akisema "Programu hairuhusu," mwulizeni: ni programu gani, na nani amejaribu?

JINSI YA KUTAMBUA KOSA

Haya twayaandika kwa ajili ya makarani wa stoo na wajumbe wa chama mahali pa kazi. Yakateni, myaweke ukutani.

Dalili ya kwanza: kitu kimo rafuni, kompyuta yasema hakuna, au yakataa kukitoa. Tazameni kisanduku. Mara nyingi kitu hicho kimeandikwa papo kwa papo.

Dalili ya pili: kompyuta yasema vimo vingi, rafu ni tupu, na idadi yapanda kila mwezi bila kushuka hata mara moja. Mwizi huiba leo, kesho huogopa, keshokutwa huiba tena. Hesabu yake hupanda na kushuka. Hesabu inayopanda tu, bila hati hata moja ya kutoa, mara nyingi ni huduma iliyoandikwa kuwa ni mali. Ndiyo habari ya ile mitungi 48.

Dalili ya tatu: mwuzaji amekwisha leta, lakini halipwi. Mahali pengi ofisi ya fedha hulinganisha karatasi tatu, yaani hati ya kuagiza, hati ya kupokea na hati ya kudai. Kitu kikiandikwa cha akiba na hali hakipiti stoo, hati ya kupokea haipatikani, na malipo husimama. Mwuzaji akichoka huacha kuleta. Halafu sisi twaambiwa kwamba wauzaji ni wabaya.

Dalili ya nne: fedha za idara zaisha mapema katika mwaka, na hali kazi haikuzidi. Tazameni kama vitu vya mwaka mzima viliandikwa kuwa matumizi ya siku moja.

Dalili ya tano: kitu kimoja kina majina mawili. Pana "glovu za ngozi" na pana "glovu, ngozi, kazi". Moja lina alama, la pili halina. Vyanunuliwa kwa jina hili, vyaombwa kwa jina lile, na kila mtu aapa kwamba asema kweli. Naye asema kweli.

Mkishatambua kosa, msikimbilie kugeuza alama. Programu nyingi hukataa kitu kugeuzwa kikiisha kununuliwa au kutolewa hata mara moja. ERPNext hukataa kabisa. Katika QuickBooks ya kwenye mashine, kitu kisicho cha akiba chaweza kufanywa cha akiba, lakini kikishafanywa hakirudi tena. Kukataa huku kuna maana, kwa sababu ukibadili alama, hesabu za zamani zote zitapotoka nyuma yako.

Njia iliyo safi ni hii. Malizeni hati zote zilizo wazi za kitu hicho. Kihesabuni kwa mikono, watu wawili, karani na mtu mmoja wa idara inayokitumia, wote watie sahihi. Fungeni namba ya zamani isitumiwe tena. Fungueni namba mpya yenye alama iliyo sawa, na mwingize ile hesabu ya mikono kuwa ndiyo mwanzo. Karatasi yenye sahihi iwekwe katika faili, na nakala moja apewe karani mwenyewe. Msikubali mtu "asawazishe" hesabu kimya kimya usiku. Leo atasawazisha kwa wema, kesho mwingine atamwuliza karani: nani alifuta vitu 48, na kwa nini?

MABWANA WASEMA, NASI TWAJIBU

Wa kwanza asema: "Kuweka akiba ni kufunga fedha. Mali ikilala rafuni haizai." Ni kweli, nasi hatuombi kila kitu kiwekwe akiba. Stoo iliyojaa vitu visivyotakiwa ni makaburi ya fedha, na fedha hiyo ingeweza kuwa mishahara. Twaomba kila kitu kiulizwe maswali matatu kabla ya alama kuwekwa. Je, kinatumika mara kwa mara? Je, kikikosekana, kazi yasimama au mtu aumia? Je, chaweza kukaa bila kuharibika? Kitu kinachojibiwa ndiyo mara tatu ni cha akiba. Glovu: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kujazwa mtungi: hakuna kinachokaa, kwa kuwa ni huduma, basi ni papo kwa papo, na gesi ya ziada ilindwe kwa kuwa na mitungi ya kutosha. Je, kazi hii ni ngumu kuliko kumwandikia karani barua ya kujieleza?

Wa pili asema: "Karani alikuwa mbele ya kompyuta kila siku. Mbona hakuona?" Twajibu kwamba aliona, akasema, akaambiwa angoje. Karani wa stoo hapewi ruhusa ya kukigusa kisanduku. Daftari la majina ya vitu limefungwa, na ufunguo uko ofisi ya mbali. Mwenye ufunguo haulizwi, asiye na ufunguo aulizwa. Hiyo ni haki ya wapi?

Wa tatu ni wa upande wetu wenyewe. Asema: "Tuitupe kompyuta, turudie leja na kadi." Ndugu, hatukubaliani nawe pia. Leja haikuwa malaika. Ukurasa uliweza kuchanwa, wino uliweza kumwagika kwa makusudi, na mkubwa aliweza kuchukua rangi ya kupakia nyumba yake na kumwambia karani aandike "imetumika kazini". Kompyuta iliyoandikwa vizuri humlinda mfanya kazi kuliko leja, kwa sababu huweza kuonyesha nani aliandika nini, na saa ngapi. Tunachotaka ni kwamba kumbukumbu hiyo ifunguliwe kwa ajili yetu pia, isifunguliwe kwa kutushtaki tu.

Tena wako wenzetu wanaoficha glovu na spana katika masanduku yao, wakiogopa kesho kukosa. Twafahamu hofu yao, lakini twawaambia kwamba kila jozi inayofichwa huharibu hesabu, na hesabu ikiharibika karani ndiye anayebeba. Dawa ya hofu ni stoo isiyokauka.

HABARI YA UINGEREZA

Mtu asidhani kwamba twakuza mambo. Katika Uingereza, posta ya nchi ilianza mwaka 1999 kutumia programu ya hesabu iitwayo Horizon, ya kampuni ya Fujitsu. Programu ile ilikuwa na makosa. Ilionyesha kwamba fedha zimepungua katika posta ndogo ndogo, na hali hazikupungua. Wenye kuendesha posta hizo walipolalamika, wengi waliambiwa kwamba ni wao tu wenye shida hiyo. Kati ya mwaka 1999 na mwaka 2015 watu zaidi ya 900 walihukumiwa kuwa wezi au waongo. Wengine walifungwa, wengine walifilisika wakilipa fedha ambazo hazikupotea, na wengine walikufa kabla ya majina yao kusafishwa. Sheria ya kule ilidhani kwamba kompyuta yafanya kazi sawasawa mpaka ithibitishwe vingine, na mtu mmoja mmoja angethibitishaje, na hali kumbukumbu zilikuwa mikononi mwa waliomshtaki?

Waliwezaje kushinda? Kwa kuungana. Watu 555 wakiongozwa na Alan Bates walikwenda mahakamani pamoja, na Desemba 2019 hakimu aliamua kwamba programu ilikuwa na makosa yenye kuweza kuleta upungufu ule. Mwaka 2024 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kufuta hukumu zile.

Hiyo ni Uingereza, nchi yenye mawakili kila mtaa. Ikachukua miaka ishirini. Je, karani mmoja wa stoo, wa pwani ya Kenya, akiwa peke yake na barua yake ya siku mbili, atafika wapi?

SHERIA YASEMAJE

Hatuombi huruma. Twaomba sheria ya nchi ifuatwe.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaeleza ni lini mwajiri aweza kukata mshahara. Kwa mali iliyoharibika au kupotea, aweza kukata kiasi cha haki, ikiwa hasara ililetwa na mfanya kazi kwa makusudi yake. Kwa makusudi, ndugu. Mitungi 48 ambayo haikuwako haiwezi kupotea kwa makusudi wala kwa bahati mbaya. Tena makato yote kwa pamoja yasipite theluthi mbili za mshahara.

Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 41, yasema kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa la tabia au la kazi, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na amsikilize, naye ana haki ya kuwa na mfanya kazi mwenziwe au mjumbe wa chama mahali pale. Barua ya siku mbili haitoshi kuwa kusikilizwa, na kelele za mkubwa mbele ya watu hazitoshi kuwa hukumu.

Na kwa habari ya glovu, iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Kifungu cha 101 chamtaka mwajiri ampe mfanya kazi mavazi ya kujikinga, pale kazi inapokuwa ya hatari. Sheria haisemi "ampe ikiwa kompyuta imekubali." Kifungu cha 9 chataka mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya. Mahali petu pana watu zaidi ya hao. Basi kamati hiyo iulize kila mwezi: glovu zimebaki ngapi? Buti ngapi? Miwani ya kukingia macho ngapi? Kama kompyuta haiwezi kujibu, alama imewekwa vibaya, na hapo ndipo pa kuanzia.

TUNATAKA NINI

1. Barua ya kujieleza aliyopewa karani iondolewe kwa maandishi, na watu walioambiwa kwamba ni mwizi waambiwe kwamba si mwizi, mbele ya watu wale wale.

2. Asikatwe mtu mshahara kwa upungufu wa stoo mpaka daftari la kitu hicho litazamwe kwanza, kisanduku kionwe, na tarehe na jina la aliyekijaza vitolewe, mjumbe wa chama akiwapo.

3. Orodha ya vitu vyote vya karakana ipitiwe upya na watu watatu pamoja, yaani karani wa stoo, fundi anayekitumia kitu, na mtu wa ofisi ya ununuzi. Asikae mmoja peke yake kuamua.

4. Mavazi na vyombo vyote vya kujikinga vihesabiwe, na viwekewe kiwango cha chini kinachotosha muda wote wa kuagiza mpaka kuletwa. Ikiwa kuagiza huchukua juma saba, kiwango cha chini kisiwe cha juma mbili.

5. Makarani wa stoo wafundishwe programu hii kwa saa za kazi, kwa Kiswahili kinachofahamika, na wapewe njia ya kuandika kwamba "alama hii ni mbaya" na kujibiwa kwa tarehe iliyowekwa.

Hatukuomba hata shilingi moja zaidi katika haya matano. Twaomba kazi ifanywe vizuri. Mabwana wakikataa hata haya yasiyo na gharama, basi watakuwa wametufahamisha kwamba upungufu wa stoo wawafaa, kwa kuwa daima hupatikana mnyonge wa kuubeba.

Ndugu, wazee wetu wa Mombasa, wa bandari na wa reli, walipoacha kazi Januari 1947, walisimama watu wa makabila mengi na dini nyingi kwa pamoja, na hapakuwa na kompyuta wala programu. Hesabu waliyoijua ilikuwa ya mshahara na ya kodi ya nyumba, nao waliijua vizuri kuliko waliowaajiri. Kwetu sisi hesabu imezidi kuwa ndefu, basi na tuijue yote. Mfanya kazi asiyejua jinsi anavyohesabiwa atahesabiwa vibaya.

Wajumbe, kesho asubuhi mkifika kazini, mwendeni kwa karani wenu wa stoo. Msimwulize ameficha nini. Mwulizeni ni vitu gani vinavyomsumbua katika kompyuta, andikeni majina yake, mlete ofisi ya chama. Tukiwa na orodha kutoka kila karakana, hawataweza kumwambia yeyote kwamba ni yeye peke yake.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.

Ni sisi wanachama wa reli,
Shella, Malindi.